Maji ya Sabuni Kwenye Breki

Jirani akiloweka nguo kwa sabuni ya mche, nafunga dirisha. Harufu ile hunirudisha uani kwetu Mazinde, asubuhi ambayo pikapu ya baba iliishiwa mafuta ya breki, na kabichi za watu zilikuwa zinamsubiri mlimani.

"Binti yangu, nikorogee maji na sabuni. Yatanifikisha."

Nikakoroga mpaka povu likanifika viwikoni. Mama akasema, "Baba watoto, kurudi ni mteremko mtupu." Baba akamimina, akakanyaga pedeli mara tatu, akacheka. "Zinashika!"

Kupanda zilishika. Jioni watu wawili wakaja na viatu vyake, wakasema wakati wa kushuka na mzigo breki ziligoma.

Mama alinivuta mpaka kwenye pipa, akaniosha mikono kwa maji matupu, akarudia, akarudia.