Nyota Tatu Mwisho wa Njia

Jumapili baada ya kanisa mimi na mama hula pamoja, yeye akiwa Landless kule Thika, mimi Membley, Ruiru. Yeye huegemeza simu yake kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, mimi yangu kwenye chupa ya chai, kila mtu na sahani yake mbele ya video. Hicho ndicho chakula pekee ninachokula na mtu wiki nzima. Siku zingine nakula nimesimama jikoni, redio ikiongea peke yake.

Mama huniita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nina jina la mama yake mzazi. Kwetu ndivyo ilivyo. Ukipewa jina la mtu unapewa na cheo chake. Basi ananishtakia mambo yake yote: kuku wa jirani wamekula sukuma wiki, fundi wa choo amemdanganya. Namwambia, "Pole, mwanangu," tunacheka.

Halafu video ikaanza kukatika. Mama yuko katikati ya hadithi, anaganda hapo hapo mdomo wazi, kijiko hewani. Nampigia kwenye simu yake nyingine, ndogo ya vibonyezo, ananiambia, "Niko salama, ni picha tu imekataa." Lakini mimi nilitaka uso wake. Chakula kilinishinda, nikakirudisha kwenye sufuria.

Sasa, kazi yangu ni hii hii ya mitandao. Nakaa nyumbani nikitafuta makosa kwenye mashine za watu ambao sijawahi kuwaona. Ati watu wa mbali nawatengenezea, na mamangu nimwache? Wapi! Nikafungua kompyuta, nikaandika traceroute na anwani ya kile kifaa cha intaneti nilichomwekea sebuleni. Amri hiyo hutuma ujumbe mdogo na kukuonyesha kila kituo unachopitia, mstari mmoja mmoja. Kituo kikiitika, unaona kimechukua muda gani. Kikinyamaza, unaona nyota tatu.

Ujumbe ukatoka Ruiru ukaenda Nairobi. Thika iko huku, wewe unaenda kule! Ukazunguka Nairobi kituo baada ya kituo, vyote vikiitika vizuri, ukarudi ukanipita hadi Thika. Mstari wa mwisho, kwa mama: nyota tatu. Nikarudia. Nyota tatu. Nkt! Niliwapigia watu wa intaneti nikawafokea kwamba njia yao ni mbovu, na huku naona kwa macho yangu ni nzima mpaka mlangoni. Nilikuwa na hasira, na hakukuwa na mtu mwingine wa kugombana naye.

Jumapili iliyofuata nikaenda mwenyewe. Mama alikuwa ameponda mukimo wa viazi na mahindi, sufuria nzima. Sikukaa hata. Nilienda moja kwa moja kwenye kabati ya TV, na wueh! Kifaa sikioni. Mama hufuma vitambaa na kuvitandika kila mahali: viti, redio, TV, hata mtungi wa maji. Sasa kifaa nacho kilikuwa kimevishwa, chini kitambaa kizito cha uzi wa sweta, juu cheupe chenye maua. Nikaingiza mkono. Moto kama pasi.

"Mama! Kwani unataka kukichoma? Kinapumua kwa haya matundu. Kikishika joto kinazima."

"Na vumbi je? Kikae uchi mbele ya wageni?"

"Wageni gani?"

Akaanza kupanga sahani mezani. Nilitamani kulirudisha hilo neno.

Nikavua vile vitambaa, nikangoja kipoe, taa zake zikawaka kijani. Nikatuma ujumbe tena kwa bando za simu yangu. Vituo vyote vikaitika, na cha mwisho pia.

"Umeona? Kimepona. Usikifunike tena, sawa? Jumapili ijayo utaniona vizuri kwenye simu."

"Haya," akasema.

Tulikula mezani. Alinipakulia mara ya pili bila kuniuliza. Nilikuwa nimesahau kwamba hutafuna upande mmoja, polepole, na kwamba akishiba huvua viatu chini ya meza. Simu haionyeshi huko chini. Tangu nimwekee kile kifaa sikuwa nimekanyaga hapo tena, na roho iliniuma vibaya nikimwangalia akichezesha vidole vya miguu.

Nilipoanza kufunga mkoba, mama akainuka. Akachukua kile kitambaa kizito, akakitandika juu ya kifaa. Juu yake akaweka cheupe. Akavuta pembe zote mpaka zikalingana.

"Mama, si nimekwambia?"

"Nimesikia, maitu," akasema bila kugeuka. "Kabla hujaniletea hiki, ulikuwa unakuja."

Nikauweka mkoba chini.