Batul Akagua Nyumba ya Mdogo Wake

Hebu mwone Batul anavyoingia uani mwa nyumba ya watu pale Tetuan, Moroko: kanzu ya kijivu, pini mbili za kushonea bado ziko kifuani, chupa ya maji kwapani. Hajamaliza salamu, keshamwaga maji sakafuni na kuinama aone yanakimbilia wapi. Yakituama, sakafu imekaa vibaya. Kisha anabandika kiganja ukutani. "Nyumba iliyopakwa chokaa jana," husema, "ni bibi harusi huyo. Msubirini anawe uso."

Watu wa mtaa hawanunui nyumba bila yeye. Kumi na moja amewakagulia wenzake. Yeye mwenyewe, mshona kaftani, huu ni mwaka wa ishirini na tatu anapanga vyumba viwili vinavyonuka unyevu.

Alhamisi hiyo nyumba ilikuwa ya Ghizlan, mdogo wake wa mwisho, ambaye Batul ndiye aliyemfunza hata kufunga kamba za viatu. Ghizlan na mumewe walikuwa watoe arbuni, malipo ya kwanza, kesho yake, baada ya alasiri. "Dada, ukisema ndiyo, ndiyo," alimwambia. "Ukisema la, tunaacha."

Batul akamwaga maji. Yakaenda moja kwa moja hadi kwenye tundu la uani, kama yaliyotumwa. Akapapasa kuta: kavu. Akapanda hadi juu ya paa tambarare, akakuta jua, milima, na kamba ya kuanikia mashuka sita kwa mpigo. Akaishika kamba hiyo, akakumbuka vyumba vyake viwili.

"Ngazi zinapanda mno," akasema.

"Wewe dada! Za kwako unazipanda kwa mikono na magoti, na hulalamiki."

"Za kwangu nimezizoea. Halafu jiko dogo."

"Dogo? Unaingia wewe na cherehani yako, na nafasi ya umbea inabaki!"

Ghizlan akacheka. Batul akacheka kwa meno tu.

Likabaki jambo moja asiloliruka kamwe: kwenda kwa Ba Layashi, mwenye tanuri la mtaa, ambako kila nyumba hupeleka mikate yake kuokwa. Dalali anajua bei. Mwenye tanuri anajua waliomo, kwa sababu anakumbuka sinia la kila nyumba, na nani aliacha kuleta, na kwa nini.

"Ile ya mlango wa kijani?" Ba Layashi akasukuma koleo lake refu motoni. "Mikate saba kila siku. Marehemu mwenye nyumba kaacha watoto watano."

Moyo wa Batul ukaruka. Kwenye karatasi za dalali wanaouza walikuwa wanne.

"Wa tano yuko wapi?"

"Abdelwarit? Kinyozi, yuko mji wa Larash. Wenzake wanadhani dalali kamwambia, dalali anadhani wenzake wamemwambia. Lakini hana neno na mtu yule. Kila Ijumaa huja kula kuskusi kwa dada yake, kesho mtamkuta. Mpeni kalamu, atatia saini huku anatafuna. Ila msilale, dalali ana mteja mwingine, daktari wa meno."

Batul alirudi anatembea kama msichana.

"Kuna mrithi wa tano," akamwambia Ghizlan. "Hajatia saini. Nunueni, halafu siku moja atagonga mlango anadai fungu lake, na sheria iko upande wake."

"Hatuwezi kumtafuta?"

Batul akaokota uzi kwenye mkono wa kanzu yake. "Watu wa namna hiyo hawatafutiki, mdogo wangu."

Ghizlan akakaa kwenye ngazi, akalia kidogo. Kisha akainuka, akambusu dada yake begani. "Mungu akuweke, dada. Bila wewe tungeangamia." Akatoa simu ampigie dalali, amwambie wameghairi.

Simu inaita. Batul anamtazama mdogo wake akifuta machozi kwa ncha ya kitambaa, na neno la kinyozi wa Larash liko pale pale mdomoni. Nawe, msomaji wangu, kabla hujamhukumu, kumbuka siku nduguyo alipopata kile ulichokitamani wewe maisha yako yote: ungelisema?