Aliyeitika Badala ya Paka Wangu

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, kisha anisikilize. Mume wangu mwenyewe alicheka siku ya kwanza. Siku hizi hacheki. Hili sikuhadithiwa na mtu. Limenikuta mimi, hapa Soga, ndani ya ua wangu, saa saba mchana, na akili zangu timamu.

Bibi yangu mzaa mama aliishi Kibuta, huko Kisarawe, akilima mihogo na mananasi mpaka mgongo ukapinda. Aliitwa Mwantumu. Nilipoolewa alinishika mkono akaniambia, "Mjukuu wangu, ukizaa mtoto wa kike mpe jina langu. Nisije nikafa nikapotea." Nikamwahidi. Nani angekataa? Lakini mtoto hakuja. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Bibi akafariki akiwa bado anaulizia tumbo langu.

Masika yaliyofuata, nikiwa na machungu yangu, nikaokota kitoto cha paka kimelowa chini ya cherehani yangu barazani. Jike, mweupe, sikio moja jeusi. Jirani yangu Mama Salumu akanitania, "Haya, umepata mtoto!" Maneno yale yalinichoma. Nikamjibu kwa hasira, "Ndiyo, nimepata. Na jina lake Mwantumu." Nilisema kumkomoa Mama Salumu tu, wallahi, lakini jina likaganda.

Nikamdekeza paka yule, toba! Perege nilimchambulia miiba kwa vidole vyangu. Alilala ndani ya chandarua, na mume wangu akirudi zamu ya usiku kiwandani Zegereni anakuta mto wake umeshachukuliwa. Nilimshonea utepe mwekundu wa shingoni kwa kitambaa kilichobaki kwenye gauni la mteja. Watu wakasema paka huyu anaishi vizuri kuliko sisi. Mimi nikaona raha tu.

Miaka miwili baadaye, masika tena, nikawa na mimba ya miezi sita. Mimba, mimi! Nilikuwa naogopa hata kupiga chafya.

Siku hiyo mume wangu alikuwa kazini. Mvua inanyesha, wingu limefunga mpaka nikawasha taa mchana. Nikatia perege kwenye kisahani, nikasimama mlango wa uani, nikaita kama kila siku, "Mwantumu! Njoo ule!"

"Abee!"

Sauti ilitoka nyuma ya choo. Sauti ya mwanamke, tena mtu mzima. Nikadhani Mama Salumu ananichezea. Nikaita tena kwa nguvu, huku nacheka. "We Mwantumu!"

"Abee, nakuja."

Sasa ilikuwa karibu, pembeni ya karo la kufulia. Hapo nilipaswa kunyamaza, si ndiyo? Sisi watu wa Pwani tunafundishwa tangu wadogo kwamba ukiitwa na sauti na mwenye sauti humwoni, usiitike. Lakini nani alinifundisha la kufanya pale ambapo mimi ndiye ninayeita, na kitu ndicho kinachoitika?

Akaingia mwanamke mzee, kajitanda kanga mpaka machoni. Mvua inamwagika nyuma yake na kanga haina hata tone. Akavua ndala, akazigeuza zikaangalia mlango, kama bibi alivyofanya maisha yake yote. Nikasema, "Shikamoo." Hakuitikia. Jamani, mtu mzima umwamkie anyamaze! Akaketi mkekani, akanyoosha miguu, akasema, "Umeniita kula, nimekuja. Chakula changu kiko wapi?"

Kisahani cha paka kilikuwa mkononi mwangu. Akakitazama kwa muda mrefu.

"Ndicho hiki?"

Niliona aibu kuliko nilivyoogopa, na niaminini, niliogopa mpaka mkojo ukanitoka. Paka akatoka chumbani, manyoya yamemsimama, akamzunguka yule mzee mara mbili, kisha akapanda mapajani mwake akatulia. Mzee akamshika ule utepe kwa mkono mmoja. Kidole cha mkono mwingine akakielekeza tumboni kwangu.

"Mwenye jina langu naondoka naye," akasema. "Niambie, ni yupi?"

Mtoto akageuka tumboni. Nyinyi mngefanya nini? Nikanyoosha kidole. "Huyo. Mwantumu ni huyo paka." Nilikuwa nalia, maana nilimpenda paka wangu, na maana nilijua ninamtukana bibi yangu machoni pake.

"Haya," akasema.

Akavaa ndala zake, akambeba paka, akatoka. Nilipopata nguvu ya kuchungulia, kwenye tope kulikuwa na nyayo za paka peke yake, zinakwenda barabarani. Hazikurudi.

Nilipomsimulia mume wangu akacheka, akasema masika paka jike hufuata madume, atarudi. Sikubishana naye. Jumamosi tukaenda Kibuta kwa mjomba wangu, anayeishi kwenye nyumba ya bibi. Nikamwambia nataka kuzuru kaburi, basi. Nyasi zilikuwa zimeota mpaka magotini, ardhi yote imelowa. Juu ya udongo palikuwa na utepe mwekundu, umekunjwa vizuri, mkavu. Mshono wangu naujua. Mume wangu aliuokota, akauangalia, akaurudisha palepale.

Nilijifungua mtoto wa kike, mzima, alhamdulillahi. Tukamwita Rehema. Jina la bibi sikuthubutu kumpa. Si alisema mwenyewe kwamba mwenye jina lake anaondoka naye? Mjomba nilimweleza yote, tukasoma dua, na nyumbani kwangu tukakatazana kulitamka jina lile. Nikadhani yamekwisha.

Masika haya Rehema ana miaka minne. Mjomba alikuja kutusalimia. Tukawa tunakunywa chai, mvua inapiga bati, akajisahau akaanza kumkumbuka mama yake. "Marehemu Bi Mwantumu," akasema, "mvua kama hii angekuwa..."

"Abee!"

Ni Rehema, kutoka chumbani. Hakuna aliyemfundisha. Mimi nikimwita hujibu "nini?" kama watoto wote wa siku hizi. Akaja, akasimama mbele ya mjomba, akasubiri kutumwa. Kikombe kikamponyoka mjomba. Mimi nikatazama mlangoni, kwenye vindala vya mwanangu. Vilikuwa vimegeuzwa, vinaangalia nje.

Nyinyi mnaofuga paka, mpendeni, mlisheni, mlazeni kitandani mkitaka. Lakini mwiteni Pusi, inatosha. Jina la mtu wenu aliyekufa akiliombea liishi, msimpe mnyama hata kwa utani, hata kwa hasira. Na hilo Mwantumu nililowatajia tangu mwanzo, msidhani ndilo lenyewe. Lenyewe silitamki. Mwanangu yuko chumba cha pili, na mlango uko wazi.