Nyavu Nilizomtumia Magesa

Ijumaa moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, niliingia chumbani kwetu Al Baraha, ugenini kwa Waarabu, na bunda la nyavu zito kama ngamia wawili. Nilikuwa fundi wa viyoyozi, nina cheti changu cha masomo ya jioni, na kutoka Deira hadi Mwanza sikuona kiumbe wa kunizidi akili.

Nyavu zilikuwa za kaka yangu Magesa, aliyebaki kwetu ziwani akivulia mtumbwi wa marehemu baba. Kila nikimpigia simu alilia kwamba sangara wamepungua, na sato ndio usiwataje kabisa. Basi nikamtafutia nyavu za macho madogo, asiponyoke hata kitukuu wa dagaa!

Mzee Rwiza, mpishi kutoka Bukoba tuliyelala naye chumba kimoja, alijaribu kupenyeza vidole kwenye jicho la wavu. Viwili tu vikakwama.

"Umemnunulia nani hizi?"

"Kaka. Atalikausha ziwa, mzee!"

"Atavua sangara wachanga, hawajazaa hata mara moja. Na doria wakimkamata nazo wanazichoma. Baba yenu alivua na nini?"

"Ndoano, na nyavu za macho mapana. Ndiyo maana kafa maskini."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mzee peke yake hakucheka. "Sikio la kufa," akasema.

"Khalas, mzee, rudi kwenye masufuria yako."

Nikazituma. Zilipofika kwetu ziwani, Magesa mwenyewe alinipigia. "Mdogo wangu, hizi si zimekatazwa?" Hapo ndipo nilipokosea zaidi, maana nilimjibu: "Kama unaogopa, usinililie njaa tena." Mtu mzima, kaka yangu, nikamwaibisha. Akazitia majini.

Haukuisha mwezi, doria ikamkuta. Walichoma nyavu, wakauchoma na mtumbwi wa baba, naye akafungwa miezi sita. Alipotoka nilimpelekea mtumbwi mpya. Haukuwahi kuloa maji. Aliuacha juu ya mchanga ukapasuka, akaenda kuchimba kokoto. Nilipomfuata kumwomba msamaha, alinena mara moja tu: "Wewe hukuwa na njaa. Ulikuwa na sifa." Akafa, tukamzika hatujapatana.

Mwanangu, ukiwa ugenini usimfundishe kazi yule aliyebaki nayo nyumbani. Muulize anachohitaji, na akisita usimcheke, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukimshinikiza ndugu yako, wewe utabaki salama huko uliko, yeye ndiye atakayelipa.

Mungu akupe ndugu wa kukukatalia, akupe na moyo wa kumkubali. Ukimkosea, na hukosi kukosea, akujalie ufike kwake kumwomba radhi kungali mapema. Amina.