Mwenye Spika Hachezi

Hakuna kitu kinachoweza kunishtua mimi. Nimesema hivyo miaka mingi na niko na haki ya kusema. Mtu aliyeacha shule darasa la sita, akaanza na redio kaseti moja na betri ya gari la watu, na leo ana seti mbili za spika kubwa kama kabati, jenereta na pikapu ya kuzibeba, huyo ameona mambo. Nimepiga disko Muthetheni siku ya soko, vumbi likapanda mpaka siwaoni wachezaji, nawasikia tu. Nimewapigia wafanyakazi wa viwanda vya EPZ sherehe za kufunga mwaka. Nimepiga harusi za Wakatoliki na za Waprotestanti, na najua ni wapi padri atainuka acheze na ni wapi mchungaji atanifuata aniambie nipunguze sauti. Niletee wimbo wowote wa benga, nitakuambia ni gitaa gani litawatoa watu vitini.

Lakini kucheza mwenyewe, hapana. Hata siku moja. Mwenye spika hachezi. Mzee aliyenifundisha kazi aliniambia hivyo siku ya kwanza: ukicheza wewe, nani atasikia spika ikianza kukwaruza? Nikalishika neno hilo. Watu wakisikia wimbo, mimi nasikia waya. Nasikia besi imezidi, nasikia mikrofoni inataka kupiga kelele. Na tuseme ukweli, wao wakicheza, mimi nalipwa. Nyumba yangu ya mawe yenye geti kubwa jeusi, hiyo imejengwa na miguu ya watu wengine.

Basi binti yangu wa kwanza akapata mchumba, kijana wa ofisi anayekaa Syokimau, mtu wa adabu. Mbuzi za ntheo zikaletwa, zile za desturi ambazo zikishaliwa msichana ni mke wa watu. Tukala, tukashiba. Wiki moja kabla ya harusi nikamwita binti sebuleni. Nilikuwa nimekunja nne.

"Sema unachotaka," nikamwambia. "Hema, keki ya ghorofa sita, gari la kifahari. Baba yako hashindwi."

"Nau," akasema. Ndivyo Wakamba tunavyomwita baba. "Sitaki ghorofa. Asubuhi wakija kunichukua, nataka mimi na wewe tucheze kutoka mlangoni mpaka getini. Wimbo mmoja tu."

Hapo nilishtuka. Nikacheka ili asione.

"Mimi? Mtu mzima nijirushe mbele ya athoni?" Athoni ni wakwe, na kwetu mkwe unamheshimu kwa umbali. Humwonyeshi meno yote, sembuse kiuno.

"Umechezesha Machakos nzima tangu niko mdogo," akasema. "Mimi hujawahi kucheza na mimi."

Nikamwambia tutaona. Watoto wangu wanajua "tutaona" yangu maana yake ni nini. Akainuka akaenda jikoni kwa mama yake, na wiki nzima hakulitaja tena. Hakuwa na hasira. Alinyamaza kama mtu aliyeuliza bei dukani akaona haiwezi. Hiyo iliniuma, kwa sababu katika nyumba yangu hakuna mtoto aliyewahi kuuliza bei.

Siku ikafika. Athoni wakaja na magari yao, wakiimba, wakasimama nje. Desturi ni kwamba kina mama wa nyumbani hufunga geti, na wageni hupitisha noti chini yake, wakibishana na kuimbiana, mpaka kina mama waridhike. Mkuu wa geti alikuwa dada yangu mkubwa. Ufunguo alikuwa ameutia kifuani, na huko hakuna mwanamume wa kuufuata. Athoni walitoa zao vizuri. Mimi nilikuwa chini ya hema, kwa mashini yangu ya muziki, vifaa vya masikioni vimekaa sawa. Mara dada akainua mkono: zima muziki.

"Wa nje wamelipa," akatangaza. "Wa ndani bado."

"Wa ndani nani?" nikauliza.

"Wewe, mwana wa mwaitu." Mtoto wa mama yangu, maana yake, na akikuita hivyo ujue amejipanga. "Msichana ameniambia alichokuomba. Geti halifunguki."

Vigelegele. Mimi nikaona hilo ni jambo dogo, dawa yake naijua. Nikatoa elfu tano. Dada akaipokea, akaihesabu, akaikunja. "Asante. Sasa cheza." Nikaongeza elfu kumi. Akaipokea hiyo pia.

"Pesa yako tunaijua," akasema, "kila siku unatuhadithia. Miguu ndiyo hatujaiona."

"Athoni wako hapo!"

"Wako nje. Geti ni la bati, limepita urefu wa mtu. Watakuona na nini?"

Kutoka nje mjomba wa bwana harusi akaita, "Jamani, mchungaji anatungoja!"

"Mwambie aanze kuomba!" dada akamjibu, na nje nako wakacheka.

Nikafanya vile fundi hufanya akibanwa. Niliinama nyuma ya spika nikasema kuna kitu hakiko sawa. Nikachomoa hii, nikachomeka ile. Nikiwa huko chini nikaona pindo la gauni jeupe, na viatu vyeupe vimeshika vumbi jekundu. Binti alikuwa ametoka ndani peke yake kabla ya kuitwa, jambo ambalo bibi harusi hafanyi.

"Nau, sauti iko sawa. Wacha hiyo waya."

Hakusema kwa nguvu. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Kama hutaki, sema hutaki, niende. Lakini usijifiche."

Nikajua nikibaki nyuma ya ile spika asubuhi hiyo, nitabaki hapo maisha yangu yote, na yeye atakuwa anakuja Krismasi, anaketi kwenye ncha ya kiti kama mgeni. Nikavua vya masikioni. Mke wangu, ambaye tangu tuoane sijamruhusu kugusa hiyo mashini, akasimama mahali pangu na kubonyeza kana kwamba ameizoea.

Binti akanishika mkono, akanirudisha mpaka mlangoni. Sikujua mguu upi huanza. Nikaanza na yote miwili.

"Anakanyaga matope ya matofali!" dada akapiga kelele, na kina mama wakavunjika mbavu.

Hakukosea. Tukiwa wadogo, yeye na mimi tulikuwa tunakanyagia watu udongo wa matofali tupate cha kula, na hiyo ndiyo hatua pekee ambayo miguu yangu ilisomea. Basi nikakanyaga. Binti akainua gauni kidogo, akakanyaga na mimi, kisha dada, kisha kina mama wote nyuma yetu, mstari mzima ukianzia mlangoni. Bila kujisifu, ni hatua nzuri. Siku hizi naiona kwenye harusi zingine, na huwa nawaambia ilitoka wapi.

Na nikasikia wimbo. Mwimbaji alikuwa anamsihi baba mkwe ampunguzie mbuzi, maskini. Nimeupiga wimbo huo pengine mara elfu na sikuwa najua unasema nini.

Tulipofika getini ukaisha. Kwenye tundu la kufuli niliona jicho la mtu. Athoni walikuwa wanapokezana kuchungulia, na sikujali. Binti alikuwa ameshika mkono wangu, anahema, anacheka, rangi ya macho imeshuka mashavuni. Nje gari lake lilikuwa linanguruma. Dada akatia mkono kifuani, akatoa ufunguo.

"Ngoja," nikasema. "Usifungue."

"Nini tena?"

"Wimbo mmoja mwingine."

"Huo ni wa kulipia," akasema bila haya.

Nikageuza mifuko. Kulikuwa na elfu mbili, na chenji ya petroli ya jenereta, mia tatu na hamsini. Akachukua zote, ufunguo ukarudi kifuani, mke wangu akabonyeza tena. Mchungaji alingoja. Na kwa kuwa dada mpaka leo anakataa kurudisha hata zile nilizotoa nisicheze, kutoka mlangoni mpaka getini kulinigharimu shilingi elfu kumi na saba, mia tatu na hamsini.