Magimbi ya Ukingoni

Juzi kwenye mkutano wa mashamba huku Msambweni, mpima ardhi alisimama akataja neno refu la Kizungu. Akalirudia mara tatu, nasi tukamtazama tu. Akaniomba mimi, kwa vile ni mwalimu, niwafafanulie wenzangu. Maana yake ni ardhi ya kandokando ya mto, ile isiyojengwa wala kulimwa. Nikacheka peke yangu. Mwenzangu, jambo hilo nilifundishwa nikiwa na miaka tisa, na nusura linikoseshe futari.

Bibi yangu alikuwa na konde la mpunga bondeni. Mimi nilikuwa mwamiaji ndege wake, kupiga debe na kelele mpaka sauti inakauka. Kati ya mpunga na maji, Bibi aliacha hatua kama kumi za matete, jembe haligusi. "Hapo pana mwenyewe," alikuwa akisema, basi. Mimi niliona ni uvivu tu. Udongo mweusi, laini, umelala bure!

Mwaka huo nilikuwa nimejigamba mbele ya nyumba nzima kwamba futari ya siku ya kwanza ya Ramadhani itatoka mkononi mwangu. Nikapanda magimbi palepale kwa siri. Yakastawi, majani ya kujifunikia mvua. Hofu yangu ilikuwa moja, huyo mwenyewe. Kila mwanamume aliyepita na panga nilimkimbilia na shikamoo, hata mgema mmoja akamwuliza Bibi kama mtoto anaumwa.

Zikabaki siku mbili mwezi uandame. Mvua kubwa ikanyesha huko milimani, na asubuhi ukingo wote ulikuwa maji. Mpunga wa Bibi ulisimama salama. Magimbi yangu, hata jani. Nililia kama niliyefiwa. Bibi akautazama mto, akanitazama mimi.

"Basi umemwona mwenyewe," akasema. "Ulimwamkia?"

Siku ya kwanza ya mfungo, adhana ikikaribia, jirani yetu wa konde la chini alituletea bakuli la magimbi ya nazi. "Riziki ya Mungu," akasema, "nimeyakuta yamekwama kwenye ua wangu." Bibi akanisogezea gimbi kubwa kuliko yote. "Karibu futari ya mkono wako." Akamsimulia jirani kisa kizima, wakacheka mpaka uji ukapoa. Nilikula nimenuna, na yalikuwa matamu mno.

Leo Bibi hayupo. Mpunga hakuna, na mahali pa matete pana ukuta wa mawe wa mgeni mmoja, umeshuka mpaka majini. Inaniuma kila nipitapo.

Basi nikawageukia wenzangu mkutanoni. "Anasema, hapo pana mwenyewe." Wazee wote wakaitikia kwa vichwa. Mwenye ukuta akasimama, akauliza huyo mwenyewe anapatikana wapi, waonane wazungumze.

Jirani yule wa bakuli, sasa ni kikongwe, akamjibu taratibu: "Ngoja masika, mwanangu. Atakuja kwako yeye. Usisahau kumwamkia."

Tukaangua kicheko. Mimi nilikuwa nafuta machozi, maana nilimsikia Bibi kabisa.