Chemba ya Bi Najat

Mackrine wa Bugene, mchora ramani mwenye ofisi mjini Omurushaka, alipenda amani kupita kiasi. Mafundi wake aliwajua kwa kununa: Elpidius wa mabomba hataki kufundishwa kazi, Protase mwashi hataki kuulizwa. Basi ili wasigombane, kila mmoja alimwita chemba, akamnong'oneza yanayomhusu, akamrudisha kazini. Kikao cha pamoja alikikwepa kama ugomvi wa mawifi.

Ndipo Hanifu, muuza vitenge, akampa kazi ya nyumba. Hanifu amekulia Omurushaka, ila Kiswahili chake ni cha mama yake, Bi Najat, mtu wa Pangani kule pwani, aliyekwisha kurudi kwao.

"Mama amekubali kuja kuishi nami," alisema, "mradi apate chemba yake kando ya sebule, asali kwa utulivu."

Mackrine alielewa ni chumba kidogo. Akachora kiboksi, akaandika CHEMBA. Chemba ya fundi bomba aliijua vizuri, lile shimo la mfuniko linalopokea maji ya chooni. Ila siku hiyo kalamu ilifuata mdomo wa Hanifu. Elpidius alisoma ramani, akashangaa shimo kusogezwa sebuleni, akajisemea wasomi wana mambo yao, akachimba. Protase naye aliliona, akanyamaza. Mabomba si kazi yake.

Bi Najat akaja kukagua. Akachungulia shimoni, akaona mdomo wa bomba, akauliza linatoka wapi. Akaambiwa.

"Nimeacha nyumba yangu Pangani nije nisalie juu ya choo?"

Hanifu akasema atatafuta mchoraji mwingine. Mackrine akaanza kukunja ramani yake. Mji wenyewe ule, habari ingefika Nyaishozi, mji wa jirani, kabla yake, na nani angempa kazi tena?

"Ngoja," Bi Najat akamzuia mwanawe. Akawaketisha wote juu ya rundo la mbao, akaagiza chai. "Nani aliliona shimo hili asiulize? Kuuliza si ujinga, wanangu."

Mafundi wakanyoosha mikono, polepole. Kisha ndimi zikafunguka. Protase akasema kiwanja kinateremkia migombani, maji yangekwenda huko yenyewe. Elpidius akasema angejua hilo asingejichosha kupasua mwamba hapa. Walibishana, wakacheka, na chai haijapoa, kwenye ramani shimo likawa limehamia migombani, chumba kimerudi mahali pake.

"Mwachie kazi yake," Bi Najat akamwambia Hanifu. Akamgeukia Mackrine. "Kumbe mna akili hivi. Siku zote mlikuwa mkizungumzia wapi?"

Mafundi wakamtazama Mackrine. Akainamisha kichwa.

"Chemba, mama."